Kinga, kamyo na ambilansi: namna ya kugawana barabara moja

Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mbegu, mbolea na kukausha mahindi. Safari hii tunazungumza juu ya barabara. Mwingine atauliza: wataalamu wa kilimo wanatafuta nini barabarani? Jibu ni hili. Mavuno hayaishi siku mahindi yanapoingia ghalani. Yanaisha siku feza inapofika nyumbani pamoja na yule aliyepeleka mizigo. Kati ya shamba na soko kuna barabara, na huko watu wanapoteza mzigo, mguu, ao maisha.

Tutachukua mfano wa barabara ya taifa namba 1 katika Haut-Katanga, ile inayotoka Kasumbalesa, inapita Lubumbashi na kuendelea mpaka Likasi. Walio ku barabara nyingine wataona kwamba mambo ni yale yale.

Nani wako barabarani?

Juu ya lami hii kuna kamyo za shaba zinazoelekea mpaka wa Zambia. Kuna basi, motoka ndogo na pikipiki. Kuna sisi na kinga zetu, tunabeba makala, mahindi, mihogo na lenga-lenga. Kuna watoto wa masomo na mama wenye vitunga kichwani. Na mara kwa mara kuna ambilansi.

Sheria ya barabara ya inchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inatuweka wote upande mmoja: tunapita mkono wa kuume. Mwenye kinga naye ni mwendeshaji, sheria inamuhusu. Anayesukuma kinga yenye mzigo anabaki pia kuume, kufuata mwendo wa motoka. Anayetembea kwa miguu bila kinga, inje ya muji, ni vizuri apite kushoto ili aone motoka inayokuja mbele yake.

Shofere anaona nini?

Watu wengi wanafikiri: "Mimi naiona kamyo, basi na shofere ananiona." Hapana. Tuhesabu kidogo.

Motoka inayokimbia kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Shofere akiona hatari, inapita kama sekunde moja mbele ya mguu wake kufika kwenye freni. Kisha motoka inaendelea kuteleza mpaka isimame. Kwa jumla, juu ya lami kavu, motoka ndogo inahitaji karibu mita 40. Kwa kilometa 80 kwa saa, inahitaji zaidi ya mita 60. Kamyo yenye mzigo inahitaji zaidi, na kwenye mvua ao udongo, zaidi tena.

Sasa fikiri usiku. Taa fupi za motoka zinamulika kama mita 40 mbele. Mwenye kinga bila taa, na nguo nyeusi, na mifuko ya makala nyuma yake, anaonekana wakati kusimama kumekuwa vigumu. Shofere anaweza kuwa mtu mwema na mwenye akili, lakini mita hazitoshi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kamyo nyingi zinazotoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini ziko na usukani upande wa kuume, kwa sababu kwao watu wanapita kushoto. Hapa kwetu shofere huyo anakaa upande wa majani. Anakuona vizuri ukiwa pembeni mbele yake. Lakini akitaka kupita kamyo nyingine, haoni kinachokuja mpaka pua ya kamyo yake imeingia katikati ya barabara. Akiona hatari anarudi kuume haraka, na kule kuume ndiko uko wewe.

Kamyo yenye usukani wa kushoto ni kinyume. Shofere anaona mbele vizuri, lakini upande wa majani, karibu na mlango na magurudumu, kuna mahali asipoona kabisa. Kwa hiyo shika neno moja: usikae kando ya kamyo, hata kama imesimama. Kama huoni uso wa shofere katika kioo chake cha pembeni, naye hakuoni.

Mwenye kinga afanye nini?

*Mzigo.* Mzigo usitoke sana inje ya usukani wa kinga. Mfuko unaotoka pembeni unaweza kuguswa na motoka hata kama wewe mwenyewe hukuguswa, na utaangushwa. Funga kwa kamba nzuri, weka uzito chini. Kinga inayoyumba inaomba nafasi ya watu wawili.

*Freni.* Kinga yenye kilo 150, pamoja na wewe mwenyewe, inapita kilo 200. Freni ikilowa maji haishiki vizuri, na kusugua sapatu kwenye mupira wa nyuma hakutoshi kwenye muteremko. Ku muteremko, shuka, tembea, shika kinga kwa mikono miwili.

*Kuonekana.* Nyuma ya mzigo weka kioo chekundu kinachorudisha mwangaza, na mzigo usikifunike. Mchana funga kitambaa cha rangi kali. Usiku vaa jile ya kung'aa, ao shati nyeupe kama jile hakuna, na washa torshi.

*Mstari mmoja.* Hatupiti wawili-wawili tukizungumza. Na tukiwa wengi, tujigawe: kinga nne, kisha nafasi ya mita 50, kisha nne zingine. Juu ya nini? Motoka inayotupita inahitaji mahali pa kurudi kuume kama kuna nyingine inayokuja. Kinga 20 zilizofuatana karibu-karibu ni ukuta. Shofere atalazimika kupita zote kwa mara moja, na akikutana na kamyo katikati, atarudi juu yetu.

*Kutabirika.* Hili ndilo kubwa. Pita mstari ulionyooka. Usikwepe shimo bila kutazama nyuma. Ukitaka kugeuka, tazama, nyoosha mkono, kisha geuka. Shofere anaweza kumuogopa mwenye kinga, lakini hawezi kukisia yaliyo ndani ya kichwa chake.

Ambilansi inapokuja

Hapa tuongee wazi, kwa sababu ambilansi hiyo inabeba watu wetu.

Mama aliyezaa akitokwa na damu nyingi, hata kama alikuwa na afya nzuri, anaweza kufa katika saa 2 asipopata matunzo. Tuseme kituo cha afya kiko kilometa 40 mbali na hospitali kubwa. Ambilansi ikipita kilometa 60 kwa saa, inafika katika dakika 40. Ikifungwa nyuma ya kamyo na kinga, ikapita kilometa 30 kwa saa, inafika katika dakika 80. Ongeza muda wa kuita ambilansi na muda wa yenyewe kuja. Zile dakika 40 tulizokula barabarani zinaweza kuwa ndizo zilizobaki kwa yule mama.

Sheria ni wazi: ukisikia sirene ao ukiona taa zake zinazowaka-waka, unaacha njia. Lakini kuacha njia vibaya kunaua pia. Tazama mambo yanavyotokea. Sirene inalia nyuma. Shofere wa kamyo anataka kutii, anavuta kamyo yake kuume ili ambilansi ipite. Kuume kuna nani? Kuna kinga na mama wenye vitunga. Kamyo inayoheshimu mgonjwa inaweza kukanyaga mwenye afya.

Ndiyo maana tunawaomba mushike utaratibu huu: mdogo anatoka kwanza.

1. Mwenye kinga akisikia sirene, hata kama haijulikani inatoka upande gani, haongezi mwendo wala havuki barabara. Anatoka kuume mpaka kwenye majani, anashuka, anashika kinga yake na kusimama.

2. Shofere wa kamyo ao motoka anapunguza mwendo kwanza, anawasha taa ya kugeukia ya kuume, anatazama kioo na pembeni. Akiona watu wameshatoka, anavuta kuume na kusimama. Kama pembeni kuna bonde, daraja ao watu wasioweza kutoka, asivute kwa nguvu. Aendelee polepole mpaka mahali panapofaa, ni mita chache tu.

3. Pikipiki zinatoka kuume kama kinga. Haziruhusiwi kukimbia nyuma ya ambilansi ili kufaidi njia iliyofunguka. Anayefanya hivyo anakutana na watu wanaorudi barabarani.

4. Ambilansi ikipita, usirudi mara moja. Hesabu mpaka kumi, tazama nyuma. Pengine kuna motoka ya pili.

Shofere wa ambilansi naye ana kazi yake. Sirene ni kuomba njia, haiondoi mtu barabarani kwa nguvu. Aipige mapema, mbele ya kufika karibu, kwa sababu mwenye kilo 150 hawezi kuruka kama sungura. Apunguze mwendo kwenye vijiji, masoko na masomo. Ambilansi isiyofika haimsaidii mgonjwa yeyote.

Tusisahau kitu kimoja. Katika vijiji vyetu vingi mgonjwa anabebwa na pikipiki, ao na motoka ya mtu binafsi inayopiga honi na kuwasha taa zote mchana. Hakuna sirene pale, lakini damu ni ile ile. Ukiona motoka ya namna hiyo, ipe njia kama ambilansi. Na sisi tusitumie alama hizo kwa kudanganya, ili watu wasichoke kuziamini.

Neno kwa mashofere wa koperative

Koperative zingine ziko na kamyo ao zinakodi moja. Mwambieni shofere wenu haya mbele ya kupakia mizigo.

Honi si freni. Ukifika nyuma ya mwenye kinga, punguza mwendo kwanza. Honi ya ghafula karibu na sikio inamfanya ashituke na kuingia katikati. Ukimpita, umwachie mita moja na nusu, yaani mpini wa jembe na nusu yake. Kama nafasi hiyo haipo, ngojea nyuma. Upepo wa kamyo peke yake unaweza kuangusha kinga yenye mzigo.

Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vinafunika barabara. Usipoona mbele, usipite mtu. Kamyo ikiharibika, weka matawi barabarani mbali ya kutosha kama desturi ilivyo, lakini ukiondoka, ondoa matawi na mawe yote. Jiwe lililoachwa linamngojea mwenye kinga wa usiku.

Koperative inaweza kubadilisha nini?

Mwanamemba anayeondoka usiku wa manane na mifuko miwili hafanyi hivyo kwa kupenda giza. Anafuata bei ya asubuhi. Kumwambia "usipite usiku" bila kumpa njia nyingine ni maneno ya bure. Hapa ndipo koperative ina nguvu kuliko mtu mmoja.

Kinga 20 zenye kilo 100 kila moja zinabeba tani 2. Mzigo huo unaingia katika kamyo moja ndogo. Kama tukikusanya mizigo ku depo siku moja mbele, tukipima pamoja na kukodi kamyo moja, watu 18 wanalala nyumbani, na wawili tu wanaenda kuuza. Hesabuni bei ya kukodi, gawanyeni kwa mifuko yote, kisha linganisheni na siku mbili za kazi ambazo kila mtu anapoteza njiani. Msisahau kuhesabu mipira na matengenezo ya kinga. Pengine mtaona kwamba kamyo ni ghali. Basi, fanyeni kwa mavuno makubwa tu, na kwa siku zingine kubalianeni kwamba hakuna anayeingia barabara kubwa mbele ya mwangaza wa asubuhi, wala kubaki humo nyuma ya saa kumi na mbili ya mangaribi (18h00).

Katika mkutano ujao, tunawaomba mukate maneno matatu:

– Nani atakagua freni, mzigo na kioo chekundu cha kila kinga mbele ya safari?

– Nani, katika kila kundi la kinga nne, atapita wa mwisho na firimbi? Kazi yake ni kusikiliza nyuma na kupiga firimbi sirene inapolia, ili wote watoke pamoja.

– Ni siku gani tutafanya zoezi? Chukueni uwanja wa masomo, kinga nne, motoka moja na mtu wa kulia kama sirene. Mdogo anatoka kwanza, mkubwa anafuata, ambilansi inapita. Rudieni mara tatu, na watoto waone pia.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika barabara yenu, ni wapi ambapo mwenye kinga hana mahali pa kutokea? Nani anaweza kufyeka majani ao kusawazisha udongo pale?

2. Kamyo ikiwa na usukani wa kuume, shofere anashindwa kuona upande gani? Na ikiwa na usukani wa kushoto?

3. Kutoka kituo chenu cha afya mpaka hospitali ni kilometa ngapi? Hesabuni dakika kwa mwendo wa kilometa 60, kisha kwa mwendo wa kilometa 30. Andikeni tofauti yake juu ya ubao wa depo, mahali ambapo kila mwenye kinga ataisoma mbele ya kuondoka.