Kuku wa Kariakoo na Sheria ya Wanyama

Wakati wa likizo mama yangu mdogo alinituma Kariakoo kununua kuku. Nikamkuta kijana mmoja ameshika kuku wanane mkononi, wamefungwa miguu, vichwa chini, naye anatembea juani akinadi. Jambo hilo twaliona kila siku, wala hatuliulizi.

Kwanza tutazame mwili wa kuku. Ndege hana kiwambo, yaani ule ukuta wa nyama utengao kifua na tumbo, kama tulio nao sisi. Aning'iniapo kichwa chini, matumbo yake huielemea mifuko ya hewa, na kupumua huwa kazi kubwa. Tena kuku hatoki jasho. Hujipoza hasa kwa kuhema. Basi kuku aliyetoka Singida, kilomita 700 hivi, amesongwa na wenzake ndani ya tenga, hufika Dar es Salaam amekwisha taabika kabla hajaona kisu.

Je, sheria yasemaje? Tanzania Bara inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Inakiri kwamba mnyama ni kiumbe mwenye kuhisi, na yataka ustawi wake uangaliwe afugwapo, asafirishwapo na achinjwapo. Imeweka na wakaguzi. Fikra hizi si za jana. Mwaka 1965, huko Uingereza, kamati ya Profesa Brambell ilisema kwamba mnyama afugwaye apate walau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo. Katika tenga lililosheheni sioni ni lipi kati ya hayo liwezekanalo. Nasi Afrika hatukulala: Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliafiki kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Yule kijana nilimweleza habari ya sheria yetu. Alicheka kwa upole, akanijibu, "Mdogo wangu, nikimbeba wima atanichafulia shati. Na hiyo sheria iko wapi, niisome?"

Swali hilo lilinishinda. Sheria ile ilipotungwa iliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Wakaguzi ni wa lazima, lakini mimi naona ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, ukibandikwa sokoni Kariakoo, mnadani Pugu na machinjioni Vingunguti, ungemfikia muuzaji mapema zaidi. Uandikwe namna ya kumshika kuku, na kwamba tenga lisijazwe kupita kiasi. Si maneno mengi.

Kuku wangu nilimfungua miguu, nikambeba kifuani mpaka Buguruni. Shati lilichafuka kweli, na mama mdogo akaniuliza kulikoni.