Mihadhara ya Dunia Mlimani: Maswali ya Wasomaji

Kila mara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapotangaza mihadhara ya wazi kuhusu siasa na uchumi wa dunia, maswali ya wasomaji huja mfululizo. Nimechagua yale yanayojirudia. Mengine nayajibu kwa mkato kwa sababu hayahitaji zaidi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, sina digrii. Naruhusiwa kuingia?

Marahaba. Unaruhusiwa. Tangazo likisema mhadhara ni wa wazi, kiti ni cha anayewahi. Chukua kitambulisho, mlinzi wa getini anaweza kukiuliza. Angalia tu aina ya shughuli: warsha huwa na orodha ya walioalikwa, na kongamano la kitaaluma mara nyingi lina ada ya ushiriki. Wala usijidharau. Anayefunga kila siku nyaya na swichi zilizotoka Guangzhou, akajua zipi zinaungua baada ya mwezi na kwa nini ndizo zinazonunuliwa, ana jambo la kumwambia mtoa mada wa biashara ya kimataifa.

Kwa nini kila anayezungumzia mihadhara hii anarudi kwenye Mlimani ya zamani? Si mtuachie ngano za wazee?

Nyingine ni ngano kweli. Kuna wazee ukiwasikiliza utadhani miaka ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kusinzia ukumbini. Ila kuna mambo hayakanushiki.

Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mji kilipo ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na vyama vya ukombozi kama FRELIMO ya Msumbiji vilikuwa na ofisi humo. Ubeberu haukuwa mada ya vitabuni tu: Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Wanafunzi nao hawakukaa kusubiri ratiba ya idara. Mwaka 1967 waliunda chama chao, USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda, wakati huo mwanafunzi tu. Jumapili walikuwa na madarasa yao ya itikadi. Hapo ndipo penye somo kwetu: watu walikuwa wanasoma kwanza, halafu wanakutana. Mgeni akija, anawakuta wenyeji wenye hoja mkononi.

Kama unataka ushahidi, fungua dibaji ya kitabu cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha hapo, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitoka mwaka 1972, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London. Anawashukuru wanafunzi wawili, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Kitabu kilichosomwa duniani kote kilipita kwanza mikononi mwa vijana wa bweni. Mimi hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko orodha yote ya wageni mashuhuri waliopita katika ukumbi wa chuo, Nkrumah Hall.

Basi walikuwa huru kusema lolote?

Hapana, na anayekwambia hivyo anakudanganya. Desemba 1969 Rodney alihutubia semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati kwa maneno makali kuhusu serikali za Afrika zilizopata bendera bila mapinduzi. Gazeti la The Nationalist, la TANU, likamkaripia kwenye tahariri, na wengi wanaamini mwandishi wake alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Novemba mwaka uliofuata serikali ikaipiga marufuku USARF pamoja na jarida lake, Cheche. Jarida hilo lilikuwa limetoka kuchapa andiko refu la kijana Issa Shivji kuhusu matabaka nchini, andiko lililowakera wakubwa.

Hata hivyo, angalia yaliyofuata. Rodney alijibu tahariri ile kwa barua, na gazeti lilelile likaichapa. Wanafunzi walioambiwa kwamba jina la Cheche linanuka itikadi za kigeni wakaanzisha jarida jingine, wakaliita Maji Maji, jina la vita vya mababu dhidi ya Wajerumani. Nani angethubutu kuliita hilo la kigeni? Na andiko la Shivji likaja kutoka kama kitabu, pamoja na maoni ya waliompinga ndani ya jalada hilohilo. Kubanwa kulikuwapo. Kujibizana pia kulikuwapo.

Na Kigoda cha Mwalimu Nyerere ni nini?

Ni kigoda cha uprofesa katika taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa chuoni mwaka 2008, na Shivji ndiye aliyekikalia kwanza. Ndiyo, yule kijana wa Cheche. Kikaanzisha tamasha la Aprili, mwezi aliozaliwa Nyerere. Mhadhara wa 2009 aliutoa Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, na wa 2010 Samir Amin, mchumi wa Misri.

Mbona siku hizi nusu ya muda inaishia kwenye itifaki?

Umenigusa penye kidonda. Mshereheshaji anasema "itifaki imezingatiwa", kisha anaanza kuizingatia upya, jina kwa jina. Mgeni rasmi anasoma hotuba aliyoandikiwa, anapigwa picha, anaondoka kwa sababu ya majukumu mengine, na nusu ya safu ya mbele inaondoka naye. Mtoa mada aliyepanda ndege usiku kucha anapewa dakika ishirini. Saa saba chakula kimeshafunuliwa, mwenyekiti anatangaza tuna muda wa maswali mawili tu. Kwa maoni yangu hapo hapakuwa na mhadhara, palikuwa na hafla. Mwenye mamlaka ya kuponya hili ni mwenyekiti wa kikao: akiamua kwamba nusu ya muda ni ya ukumbi, na akamkatisha hata mkubwa, watu watarudi wiki ijayo.

Nikipewa kipaza sauti, niulizeje?

Jina lako, unakotoka, swali. Moja. Yule anayesimama na kusema "swali langu lina sehemu tatu, lakini kabla sijauliza ningependa kuchangia" amekwisha kupoteza ukumbi.

Swali zuri hushika kitu alichosema mtoa mada. Tuseme amesema deni la nje si tatizo alimradi uchumi unakua. Usimuulize kama anaipenda Afrika. Muulize deni hilo linalipwa kwa fedha gani, na shilingi ikishuka thamani mzigo unaongezeka kwa nani. Hapo hawezi kukwepa kwa maneno matamu. Akikwepa, ukumbi mzima utaona.

Na usiogope takwimu zake. Muulize zimetoka wapi, ni za mwaka gani, nani alizikusanya. Wasomi wa kweli hufurahia swali hilo.

Mhadhara ukifadhiliwa na ubalozi au taasisi ya nje, tuuamini?

Usikilize ukijua nani amelipa. Maktaba mpya ya chuo, iliyofunguliwa Novemba 2018, imejengwa kwa msaada wa China, na hakuna anayekataa kusoma ndani yake. Kinachotakiwa ni kwamba humo humo mtu aweze kuandaa mjadala kuhusu China barani Afrika, wa kusifu na wa kukosoa, bila kutazama mlangoni. Hivyo hivyo kwa fedha za Marekani, za Ujerumani au za Ghuba. Kama mfadhili ndiye aliyechagua mada, mtoa mada na mwenyekiti, mimi hukaa nyuma na kuhesabu ni maswali gani hayakuulizwa.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Niulize kwa Kiswahili?

Uliza. Mara nyingi mhadhara utakuwa kwa Kiingereza, kwa sababu ya mgeni na kwa sababu ya mazoea, zaidi mazoea. Lakini ukumbi wa Dar es Salaam hauna sababu ya kukosa mtu wa kumtafsiria mgeni dakika moja. Mwambie mwenyekiti mapema, wakati wa chai, kwamba utauliza kwa Kiswahili, ili amweke mtafsiri karibu na mgeni. Kisha fupisha: sentensi tatu zinatafsirika vizuri, kumi zitaharibika njiani. Mtafsiri akikosea, simama umsahihishe palepale, kwa heshima, kabla mgeni hajaanza kujibu swali ambalo hukuuliza.