Kurejelea si Kusifu: Makala ya Lowry ya 1951 na Hesabu za Wanazuoni

Katika uhakiki wa fasihi, kumnukuu mwandishi ni kuyaleta maneno yake mbele ya msomaji yalivyo, ndani ya alama za mtajo, ili yatetewe au yapingwe. Katika sayansi ya tiba jambo hilo ni nadra. Mtafiti wa huko hurejelea tu: hutaja jina na mwaka, pengine tarakimu peke yake, kisha huendelea na kazi yake. Waandishi wengi wa Kiswahili huyatumia maneno kunukuu, kudondoa na kurejelea kana kwamba ni visawe, ilhali kudondoa ni kuokota kimojakimoja, kama mtu aokotaye punje zilizomwagika, na kunukuu ni kunakili. Tofauti hii si ya kimsamiati tu. Hesabu zinazotumiwa kupima hadhi ya mtafiti husimama juu ya kurejelea, na makala haya yanazichunguza kwa kumwangalia Oliver Lowry, mwanabiokemia wa Marekani.

Lowry (1910–1996) aliongoza idara ya famakolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, kuanzia 1947 hadi 1976. Mwaka 1951, yeye na wenzake watatu walichapisha katika Journal of Biological Chemistry makala kuhusu jinsi ya kupima kiasi cha protini. Sampuli hutiwa katika myeyusho wa shaba wenye alikali, kisha huongezwa kemikali iitwayo kitendanishi cha Folin, na rangi ya buluu hujitokeza. Kadiri protini inavyozidi ndivyo buluu inavyokoza. Njia hiyo ilikuwa rahisi na iliweza kupima protini iliyo kidogo mno. Basi. Hamna humo nadharia mpya ya uhai wala dawa ya maradhi yoyote.

Hata hivyo, jarida la Nature lilipochapisha mwaka 2014 orodha ya makala 100 ya kisayansi yaliyorejelewa zaidi, ya Lowry ndiyo yaliyotangulia, yakiwa yamerejelewa zaidi ya mara 305,000. Yaliyofuata, ya Laemmli ya 1970 na ya Bradford ya 1976, nayo yalihusu mbinu za kushughulikia protini. Ili kuingia katika orodha hiyo, makala yalihitaji marejeleo 12,119. Makala ya Watson na Crick ya 1953, yaliyofichua umbo la DNA, hayakufika.

Sababu yake ni nini? Anayetumia mbinu hulazimika kuitaja, la sivyo wenzake hawatajua alipimaje. Ugunduzi mkubwa, kinyume chake, huingia katika vitabu vya shule na kuwa mali ya wote, hata jina la mgunduzi likaachwa. Mwanasosiolojia Robert Merton aliliona hilo: wazo humezwa na maarifa yaliyolipokea. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa, kwani methali nayo hutumiwa na kila mtu pasi na kumtaja aliyeitunga. Lowry mwenyewe alikiri mwaka 1977 kwamba alijua fika makala yale hayakuwa makuu, ingawa mapokezi yake yalimfurahisha kisirisiri. Kazi yake ya kupima vimeng'enya ndani ya seli moja ya neva, iliyodai ustadi mkubwa zaidi, haikupata idadi inayokaribia hiyo.

Eugene Garfield alipopendekeza fahirisi ya marejeleo mwaka 1955, na kuitoa rasmi mwaka 1964, alikusudia kumsaidia msomaji kufuatilia wazo kutoka makala hadi makala. Kuwapanga wanazuoni kwa daraja kulizidi kushamiri baadaye. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo cha h: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 10. Msomaji atambue kioja kilichomo. Makala ya 1951, pamoja na marejeleo yake zaidi ya laki tatu, humwongezea Lowry alama moja tu katika kipimo hicho. Kwa hiyo hesabu moja humkweza kupita wote, na nyingine karibu isiyaone makala yaleyale.

Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, liliwaomba waajiri na wafadhili waisome kazi yenyewe badala ya kutegemea kipimo cha jarida ilimochapishwa. Kwa Kiswahili suala hili ni zito zaidi. Fahirisi ya Garfield ilijengwa juu ya majarida, na ya vitabu ilianzishwa mwaka 2011 tu, ilhali sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili imo vitabuni, katika makala ya makongamano na katika tasnifu. Mhadhiri ambaye uchambuzi wake wa riwaya umefundishwa kwa miaka ishirini, na kurejelewa katika tasnifu zilizomo rafuni mwa maktaba za vyuo, huenda akaonekana katika fahirisi hiyo kama mtu ambaye hajawahi kuandika neno.