Okota Kabla Barafu Haijayeyuka

Mgeni wa Minnesota akiliona ziwa lililoganda mwezi wa Januari, magari yameegeshwa juu yake na moshi unafuka kwenye vijumba vya wavuvi, hudhani pale si ziwani tena bali ni uwanja. Taka huanzia hapo. Mtu anayeona haya kutupa chupa majini huiacha juu ya theluji bila wasiwasi, kana kwamba ameiweka sakafuni. Sakafu hiyo ni ya miezi michache tu. Barafu ikiyeyuka, kilichokuwa juu yake kinazama au kinasukumwa na upepo hadi kwenye matete.

Familia nyingi za Waswahili wa huku hutoka kuokota taka wakati wa joto. Sisi tunasema baridi ina nafasi yake, tena nzuri. Majani yamepukutika, nyasi zimelala, kupe na mbu hawapo. Mfuko wa plastiki ulionasa kichakani, ambao Julai ungeupita bila kuuona, sasa unapepea kama bendera. Ila usiende siku moja baada ya theluji kuanguka. Utarudi na picha nzuri na gunia tupu. Ngoja siku mbili tatu za jua, theluji ishuke.

Yaliyoachwa na wavuvi

Vipande vya mbao vinavyowekwa chini ya vijumba huganda vikashikana na barafu, na mwenyewe akihama huviacha. Kitu cheusi hunyonya joto la jua na kudidimia polepole barafuni, kwa hiyo cha kuokotwa leo kwa mkono kesho kitadai shoka. Tangu mwaka 2023 sheria ya Minnesota inakataza kuacha taka, hata vishungi vya sigara, juu ya barafu, na faini yake ni dola 100.

Mitungi midogo ya gesi usiichanganye na taka za nyumbani. Mtungi uliobaki na gesi unaweza kulipuka ukigandamizwa ndani ya gari la taka. Upeleke kwenye kituo cha taka hatari cha kaunti yako.

Kitu cha kuinamia hata kama mgongo umechoka ni mshipi na chubwi yake. Chubwi nyingi ni za risasi. Loon, ndege wa jimbo hili, wakati wa baridi huwa mbali kwenye maji ya bahari, na hurudi barafu inapoondoka. Humeza vijiwe kutoka chini ya ziwa ili vimsaidie kusaga chakula katika firigisi, na kwake chubwi ni kijiwe kama kingine. Moja tu yatosha kumuua kwa sumu. Mshipi nao humfunga miguu na mabawa. Tazama kuzunguka kila tobo ambalo wavuvi wametoboa barafuni kwa kekee, hata lililokwisha kuziba.

Ufukweni usisahau kinyesi cha mbwa. Watu wengi hukifukia kwenye theluji, kisha wakati wa kuyeyuka kinatiririka ziwani na kurutubisha mwani ambao kiangazi huyafanya maji yawe kijani na kunuka.

Kabla ya kukanyaga

Barafu mpya na angavu inahitaji unene wa inchi 4 ili kumbeba mtu anayetembea. Ile nyeupe ni dhaifu zaidi. Dai unene maradufu. Karibu na madaraja na mahali mto unapoingilia, maji hayatulii na barafu hudanganya. Usipojua unene wake, kaa ufukweni. Kazi ya huko haiishi. Nendeni wawili, na watoto wasivuke ukingo. Sindano usiiguse, piga simu ofisi ya hifadhi au ya mji.

Vaa glavu za sufu ndani na za mpira nje. Chupa nyingi utazikuta zimejaa barafu, na gunia linakuwa zito kabla halijajaa nusu. Chukua kile chombo cha plastiki ambacho watoto hutelezea theluji, kifunge kamba, ulivute gunia juu yake. Wakati wa kwenda kitakuwa kitupu, na mtoto aliyekuwa akinung'unika nyumbani atataka kukipanda.