Fundi na gramafoni ya zamani

Gramafoni ya kutiwa ufunguo haitumii umeme. Ndani yake mna kamani, yaani ukanda mrefu wa chuma uliokunjwa katika kopo. Kamani huizungusha santuri, kwa kawaida mara 78 kwa dakika.

Fundi mwenye akili hafungui upesi. Kwanza huiacha kamani ilegee kabisa, kwa maana kamani iliyokazwa ikifunguliwa huruka na kukata vidole.

Kisha hutazama. Je, kamani ina ufa? Grisi imekauka? Meno ya magurudumu yamelika? Vile vizito vidogo vya kuzuia mwendo vimeshikwa vema? Kimoja kikilegea, wimbo hutetemeka.

Kilicholika hubadilishwa, kilicho kizima husafishwa na kutiwa mafuta.

Maswali
1. Kwa nini fundi huilegeza kamani kwanza?
2. Kisha hukagua vitu gani?