Mtetea Amegoma Kutaga? Anza na Vidole, Beseni na Chokaa

Nenda duka la dawa za mifugo useme kuku wako hatagi. Mara nyingi utarudi na pakiti ya unga wa njano wa kuchanganya kwenye maji. Kuku kazubaa? Unga huohuo. Katoa yai lisilo na ganda? Unga huohuo tena. Unga wenyewe ni antibayotiki, na kuku wengi wa uani wanaosumbua kwenye kutaga hawana bakteria wa kuuawa. Wamekosa madini, wana kiu, wamezidiwa na joto, wamezeeka, au yai limewakwama. Kabla hujatoa hela, pitia haya.

1. Hakikisha tatizo lipo. Tembe wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi. Wa kienyeji huchukua miezi 6 au 7, na anayejitafutia chakula mwenyewe huweza kuchelewa zaidi. Tena wa kienyeji hutaga kwa mikupuo: mayai 10 hadi 15, kisha anavimbisha manyoya, anafoka ukimsogelea, hatoki kiotani. Huyo anataka kuatamia, haumwi. Kama huhitaji vifaranga, mweke siku tatu nne kwenye tenga lililoinuliwa, chini wavu mtupu ili hewa impite tumboni, akiwa na chakula na maji. Atasahau. Naye anayebadilisha manyoya hupumzika miezi 2 au 3. Manyoya yanakula protini nyingi, mayai yanasubiri.

2. Tafuta mayai kabla ya kutafuta dawa. Wangapi wamelaumiwa bure huku kiota kimejaa nyuma ya tenki la maji la jirani! Mfungie bandani hadi saa tano asubuhi kwa siku chache. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo utaujua ukweli.

3. Mpime kwa vidole. Mshike usiku akiwa ametulia. Kando ya njia ya kutagia, chini ya mkia, utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, anataga. Kikibana kidole kimoja, ama hajaanza ama ameacha. Njia ya anayetaga ni pana na ina unyevunyevu. Ya asiyetaga ni ndogo, duara na kavu. Kwa kuku wa miguu ya njano kuna siri nyingine: mtagaji hupauka miguu na mdomo kadiri mayai yanavyotoka. Yule wa njano inayong'aa, anayesifiwa na wageni, mara nyingi ndiye mvivu.

4. Yai lililokwama halisubiri kesho. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika, na kama saa 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda. Kinachojenga ganda ni kalisi, na misuli ya kulisukuma yai nje nayo inahitaji kalisi hiyohiyo. Ndiyo maana kuku aliyeishiwa madini hukwama. Hukwama pia tembe aliyeanza mapema mno, kuku mnene kupita kiasi, na yule mwenye yai la viini viwili.

Dalili zake ukiziona mara moja huzisahau. Anaingia kiotani na kutoka, anajikaza, mkia unapanda na kushuka, kisha anasimama wima mabawa yameshuka. Hali chakula. Kinyesi ni majimaji au hakipo kabisa. Vaa glovu, paka mafuta, ingiza kidole taratibu: yai kwa kawaida utalikuta ndani ya sentimita 5 hivi.

Sasa leta beseni. Maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto, yafike tumboni na kufunika njia ya kutagia. Mkalishe humo dakika 20 hadi 30, mabawa umeyashika, ukiongeza maji ya moto pembeni yanapoanza kupoa. Kuku wengi hutulia hata wakasinzia. Mkaushe vizuri kwa taulo, paka mafuta ya nazi au vaselini kuzunguka njia na ndani kidogo, mpe kalisi ya kunywa ya mifugo kwa kipimo cha lebo. Kisha boksi lenye nyasi kavu, mahali pa joto, pa giza, pasipo watoto wa kuchungulia. Mwache saa moja au mbili. Likigoma, rudia.

Usimkamue tumbo. Usilivunje yai likiwa ndani: vipande vya ganda huchana mrija wa mayai, na mabaki huoza humohumo. Wapo watakaokushauri umbinue kichwa chini na kumtikisa. Waache na kuku wao. Saa 24 zikipita, au akilegea kabla ya hapo, mtafute daktari wa mifugo. Kuku aliyekwama siku mbili mara nyingi hafiki ya tatu.

5. Kizazi kikitoka nje, mtenge dakika hiyohiyo. Utaona nyama nyekundu inaning'inia chini ya mkia. Wenzake wataidonoa, na hawaachi hadi utumbo utoke. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita. Ikiwa imevimba, ifunike kwa sukari au asali dakika kumi na tano. Huvuta maji na uvimbe hupungua. Suuza, paka mafuta, irudishe ndani taratibu kwa kidole chenye glovu na uishikilie kidogo. Mweke siku kadhaa kwenye mwanga hafifu ili asitage upesi. Ikijirudia mara ya pili na ya tatu, mimi sioni sababu ya kuendelea kumtesa: mchinje.

6. Mayai laini ni ujumbe kuhusu chakula. Yai moja mawili ya ajabu kutoka kwa tembe anayeanza yasikutishe. Yakiendelea, angalia unachomlisha. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalisi, na pumba na mahindi havina kalisi ya kufikia hapo. Chakula cha kutagia huwa na kalisi asilimia 3.5 hadi 4. Cha kukuzia kina kama asilimia 1 tu, hivyo kumpa mtagaji cha kukuzia ni kumwomba achukue kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe.

Nunua chokaa ya mifugo au unga wa mifupa. Chokaa ya kupakia ukuta usiiguse, inaunguza. Wa pwani wana bahati: maganda ya chaza yakioshwa chumvi, yakikaushwa na kupondwa vipande vidogo, yanafaa sana. Weka kwenye chombo chake peke yake, kila kuku achukue anachohitaji, maana jogoo na vifaranga wakilazimishwa kalisi nyingi huharibika figo. Hakikisha chombo kina kitu jioni; ganda hujengwa zaidi usiku. Na kuku aone jua, apate vitamini D, la sivyo kalisi yote hiyo haitamfaa.

7. Maji kwanza wakati wa joto. Karibu robo tatu ya yai ni maji. Kuku anayetaga hunywa kama robo lita kwa siku, na joto la Dar es Salaam la Januari na Februari huweza kulifikisha hitaji hilo maradufu. Akihema mdomo wazi, mwili wake hupoteza kaboni dayoksaidi inayohitajika kutengeneza ganda, kwa hiyo maganda huwa membamba hata kama chokaa ipo. Kivuli, hewa, maji baridi. Hakuna pakiti ya hilo.

8. Mwanga ni wa kuku wa kisasa tu. Huku karibu na ikweta tuna mwanga wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mtagaji wa kisasa anataka 14 hadi 16. Taa moja jioni, muda uleule kila siku, inatosha. Wa kienyeji mwache alale.

9. Mla mayai hutengenezwa. Kiota kikiwa kwenye mwanga mkali, au mayai yakilala humo hadi jioni, mmoja atavunja na kuonja. Kusanya mara mbili kwa siku, kiota kiwe na giza na matandiko mazito. Ukiwarudishia maganda, yakaange na kuyasaga yasifanane tena na yai.

10. Tumbo lililojaa maji si la beseni. Kuku aliyevimba tumbo kwa chini, anayetembea miguu imepanuka na hajataga kwa wiki kadhaa, huenda viini vinamwangukia tumboni badala ya kuingia kwenye mrija, na vimeoza. Kwa kuku wa uani, mara nyingi jibu ni kumpumzisha, na nyama yake usiile.

11. Wakiacha wote kwa pamoja, hilo ni jambo jingine. Mayai yamekunjamana au kupauka, kuku wanakohoa, kinyesi kijani, shingo zinapinda: shuku kideri. Hakina tiba, ni kirusi, na ule unga wa njano haukiui. Kinga yake ni chanjo, na ile ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi 3, kwa kuku wazima. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako kabla hujauza au kuhamisha kuku hata mmoja. Na siku daktari atakapoandika antibayotiki kwa sababu ya msingi, soma kwenye lebo ni siku ngapi mayai hayafai kuliwa. Kuyachemsha hakuondoi mabaki ya dawa hiyo. Mayai ya siku hizo yafukie. Usimpe jirani wala usiyapeleke sokoni.