Kitovu cha Ndama

Ninyi wa Mugunga mwayajua mawe yetu ya volkano, meusi na makali, na udongo juu yake ni haba. Basi ng'ombe akifungwa nyuma ya nyumba, mahali palipo laini ni pamoja tu: juu ya mavi yake mwenyewe. Hapo hulala, na hapo huzaa.

Mzee mmoja jirani yetu alipata ndama usiku wa mvua. Watu wakafurahi. Siku ya tano ndama alikataa maziwa. Kitovu kilikuwa kinene kama kidole gumba, chenye joto na harufu mbaya. Kisha magoti yakavimba, akashindwa kusimama, akafa. Mzee alisema, "Aliumia juu ya mawe." Sivyo. Ugonjwa ulipita kitovuni.

Sikilizeni jinsi ulivyopita. Ndama akiwa tumboni hulishwa kwa njia ya kamba ya kitovu. Akizaliwa kamba hukatika, lakini mishipa yake bado huelekea ndani, mmoja mpaka kwenye ini. Kwa siku chache ni mlango usiofungwa. Vijidudu vya mavi huingia, hufuata damu, na hukaa katika viungo. Ndama azaliwaye malishoni kule Masisi, juu ya majani safi, hana hatari kubwa hivyo. Hamzidi wetu nguvu, amemzidi kitanda.

Tena, ndama huzaliwa bila kinga. Huipata katika maziwa ya kwanza, yaani dang'a, na tumbo lake huipokea siku ya kwanza tu. Ndama wa kilo 30 anywe lita 3 hivi kabla ya saa 6 kupita. Wako wanaoyamwaga kwa kuwa ni mazito na ya manjano! Hao humwaga dawa. Aliyezaliwa kwa shida, akachelewa kusimama, mkamulieni mama yake mkamnyweshe.

Ng'ombe yule alipokaribia kuzaa tena, mzee aliondoa mavi, akatandika majani makavu. Ndama alipozaliwa, alinawa mikono, akachovya kitovu chote katika dawa ya iodini, bila kuivuta kamba. Kila siku alibadili majani, maana iodini haisaidii kitu ndama akirudi kulala mavini. Baada ya juma moja kitovu kilikuwa kimekauka.

Leo jioni, mwenye ndama mchanga nyumbani anawe mikono, amtazame. Je, kitovu ni kikavu na chembamba kama penseli? Au ni kinene, chenye joto, na ndama huruka kikiguswa? Kama ni hivyo, baba amwite mganga wa mifugo leo leo, kabla magoti hayajavimba. Kesho mtatueleza mlichokiona.